Betri iliyokuwa ikifa kila mbalamwezi: kisa cha pikapu ya samaki, Tanga

Pikapu hii hubeba dagaa na samaki wa barafu kutoka soko la Deep Sea, Tanga mjini, kwenda Muheza, na mzigo ukiwa mwingi hufika hadi Korogwe. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara wa siku nyingi; anayeiendesha ni mtoto wa dada yake. Lalamiko waliloniletea ni la kawaida kabisa: betri haikai na chaji. Historia yake ndiyo iliyokuwa ndefu. Betri ya kwanza ilipoanza kulegea walishauriwa wanunue mpya, wakanunua ya saizi ya N70. Ile mpya nayo ikaanza kulegea kabla haijatimiza mwaka. Fundi mwingine akasema altaneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, ndiyo mbovu, ikafungwa ya mtumba. Hali ikatengemaa kwa majuma machache, kisha ikawa mbaya kuliko mwanzo. Gari lilipofika gereji kwangu, ushauri uliokuwa mezani ni betri ya tatu.

Yule mama alikwisha kuchoshwa na mafundi, na ana haki. "Mwanangu, hela ya betri ninayo," aliniambia, "ila safari hii nataka kujua naizika wapi."

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu gari lilikuwa na magonjwa mawili yaliyokuwa yakifichana, na ugonjwa wa pili ulizaliwa kwenye matibabu ya ule wa kwanza. Mambo ya namna hii tunayaona sana kwenye gereji zetu, na mteja ndiye anayelipa kila mara.

Kabla sijatoa mita nilimkalisha dereva chini nikamuuliza: gari linagoma lini hasa? Si "mara kwa mara", bali siku gani, baada ya nini. Akasema siku za kazi huwaka, ila starta huvuta kizembe, mpaka anasali. Likilala siku nyingi, hata taa ya dashibodi haiwaki. Nikamuuliza linalala lini. Jibu lake ndilo lililofungua njia: mbalamwezi.

Kwa asiyekaa pwani, wavuvi wa dagaa hufuata giza. Taa zao ndizo zinazowakusanya dagaa, na mwezi ukipevuka bahari yote huwa na mwanga, taa hazifui dafu. Basi boti nyingi hupumzika, na magari yanayotegemea dagaa hupumzika nayo. Pikapu hii hulala siku nne, tano. Kila boti ziliporudi kazini, betri ilikutwa imekufa kabisa. Wenyewe walidhani ni kwa kuwa gari halikutembea, kwa hiyo betri haikupata chaji. Hilo haliingii akilini. Betri nzima iliyojaa, hata kwa joto la Tanga, hailali siku tano ikafa. Hupungua yenyewe, kweli, na joto huongeza kasi ya kupungua, lakini ni suala la miezi. Kufa kwa siku tano maana yake kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa.

Nikamuuliza tena: zamani, kabla ya altaneta hii ya mtumba, likilala mbalamwezi lilikuwa linakufa hivi? Akafikiri. Hapana, akasema, zamani liliwaka kwa tabu tu, lakini liliwaka. Nikaandika pembeni. Uzembe wa starta ulikuwepo kabla ya altaneta hii. Kufa kabisa kulianza baada ya altaneta. Hapo tayari nilikuwa na malalamiko mawili yenye tarehe mbili.

Swali la mwisho lilikuwa kuhusu kubusti, yaani kuwasha gari kwa umeme wa betri ya gari jingine. Siku nyingine, akasema, linashika mara moja; siku nyingine linakataa hata likibustiwa na lori. Klipu nyeusi ulikuwa unaibana wapi? "Popote, fundi." Nikampeleka kwenye boneti anionyeshe kwa mkono. Lilipokataa, aliibana kwenye kichwa cha hasi cha betri. Siku moja sehemu ile ilikuwa imejaa ukungu akaibana kwenye chuma cha injini, na gari likawaka hapo hapo. Hakuwa amelitilia maanani. Mimi nilianza kuitazama athi ya injini, yaani njia ya umeme kati ya injini na hasi ya betri, kwa jicho baya tangu dakika ile.

Sasa betri yenyewe. Vichwa vilikuwa na ukungu mweupe wa kijani. Nilipofungua vizibo, seli tatu kati ya sita maji yalikuwa chini ya sahani, sahani zimejitokeza na kupata weupe juu. Maji yaliyokuwa yakiongezwa ni ya bomba. Baada ya gari kupumzika usiku kucha, mita ilisoma volti 12.1, na haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri, ikasoma kati ya 1.150 na 1.170 kwenye seli zote. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au zaidi kidogo, na uzito wa maji yake huwa karibu 1.260. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Hii ilikuwa chini ya nusu.

Hapa ndipo watu wengi hutoa hukumu, na hukumu yenyewe ni "betri imekufa, nunua nyingine". Betri isiyo na chaji haihukumiwi. Kwanza ijazwe, ndipo iulizwe. Niliongeza maji safi ya betri hadi yakafunika sahani tu, si zaidi, kwa kuwa yakichajiwa yatapanda. Nikaitoa nje ya gari, penye hewa, mbali na sigara na cheche, maana betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni na imewahi kuwalipukia watu usoni. Chaji nikaiweka pole, ampea 5, ikakaa usiku kucha na sehemu ya mchana. Chaji ya haraka ningemaliza mapema, lakini kwa sahani zenye salfeti haraka haisaidii.

Hiyo salfeti inastahili maneno mawili. Kila betri inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya sahani; inapochajiwa, huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ni jambo la kila siku, halina ubaya. Ubaya ni betri kukaa nusu njaa muda mrefu. Salfeti iliyoachwa hugeuka chembe ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi, na kila sehemu ya sahani iliyofunikwa nazo ni sehemu iliyoacha kazi. Kwa hiyo betri "inayokataa chaji" mara nyingi ni betri iliyonyimwa chaji kamili kwa miezi. Ugonjwa ni wa gari. Betri ndiyo inayoonyesha dalili.

Baada ya kuchajiwa na kupumzika ilisoma 12.6. Seli tano zilifika kati ya 1.250 na 1.260, moja ikaishia 1.220. Tofauti ya nukta 50, yaani 0.050, kati ya seli na seli ndiyo inayonifanya niitupe betri. Hii ilikuwa nukta 40. Haijakufa, lakini seli ile si ya kuaminiwa sana. Nilimwambia mama ukweli huo huo, na nikamwambia asinunue kitu kwanza.

Betri iliyojaa ikarudi kwenye gari, na hapo ndipo kipimo cha chaji kinakuwa cha haki. Injini ikiwa kwenye mizunguko kama 2000, taa kubwa zimewashwa na feni ya hewa pia, vichwa vya betri vilisoma 13.5. Nikahamisha mita kwenye altaneta yenyewe, ncha moja kwenye nati ya waya mnene, nyingine kwenye mwili wake: 14.2.

Fundi anayepima betri peke yake ataona namba ndogo na kusema altaneta imechoka. Fundi anayepima altaneta peke yake ataona 14.2 na kusema kila kitu salama. Wote wawili wamesoma mita sawasawa na wote wawili wamekosa, kwa sababu tatizo liko katikati. Dereva alikumbuka kwamba fundi aliyeiondoa altaneta ya zamani alipima kwenye betri na kutaja "kumi na tatu na kidogo". Ile altaneta ilibebeshwa kosa la waya.

Volti 0.7 zilizopotea njiani zinaonekana kidogo, lakini hesabu yake ni mbaya. Betri iliyojaa ina 12.6 zake ndani. Altaneta ikitoa 14.2, msukumo unaobaki ni volti 1.6. Ikifika 13.5, umebaki 0.9, karibu nusu. Safari ya Deep Sea hadi Muheza kwenye lami haizidi saa moja; kwa msukumo ule, saa moja hailipi deni la kuwasha gari na taa za alfajiri. Kila siku betri inaanza chini kidogo kuliko jana, na salfeti inakaa.

Nikagawa njia mara mbili. Upande wa chanya, kutoka nati ya altaneta hadi kichwa cha betri, ilipotea 0.1, ambayo inakubalika. Upande wa hasi, kutoka mwili wa altaneta hadi kichwa cha hasi, ilipotea 0.6. Kisha nikasogea hatua kwa hatua: kichwa hadi klipu, klipu hadi mwisho wa waya, waya hadi bodi, bodi hadi injini. Karibu yote ilikuwa hatua hiyo ya mwisho. Nikamwambia dereva apige starta huku mita iko pale pale, ikaruka juu ya volti 2. Umeme ambao ulitakiwa kuzungusha injini ulikuwa unaishia pale.

Chini ya injini, karibu na mguu wake, kuna mkanda wa nyuzi za shaba unaounganisha injini na bodi. Kutoka juu ulionekana mzima, una rangi na matope. Nilipougusa kwa bisibisi, nyuzi zilimeguka kama jivu lililolowa, kijani tupu ndani, zimebaki chache za katikati. Maji ya barafu yenye chumvi hutiririka kutoka kwenye mzigo, hushuka chini ya bodi na kukaa humo, na upepo wa bahari unamalizia. Lakini chumvi peke yake isingelifikisha gari hapo. Waya mnene wa hasi wa betri ulitakiwa ufungwe moja kwa moja kwenye injini. Boliti yake ilikatika betri ya kwanza ilipobadilishwa, na aliyeifunga mpya akaufunga waya kwenye bodi, kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu. Tangu siku ile umeme wote wa starta na wote wa altaneta ulilazimika kupita kwenye mkanda ule uliokuwa unaliwa. Kitendawili cha kubusti nacho kikajibika: klipu ikibanwa kwenye injini inaruka kizuizi, ikibanwa kwenye betri inakipitia.

Nilitoa kipande cha boliti, nikatia mpya, nikasugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, nikafunga waya mpya mnene kutoka hasi hadi injini, na mkanda mpya kati ya injini na bodi. Grisi hupakwa juu baada ya kukaza, si katikati ya chuma na chuma. Vipimo vikarudiwa: upande wa hasi chini ya 0.1, betri ikasoma 14.1. Starta ikapiga mara moja, kwa sauti ambayo dereva alisema hajaisikia muda mrefu. Akataka kuondoka nalo.

Kama lingeondoka saa ile, lingekuja tena baada ya mbalamwezi, na mama angesema nami ni walewale. Lalamiko la pili lilikuwa bado halijaguswa.

Kupima umeme unaopotea gari likiwa limezimwa si kazi ngumu, inataka subira. Niliondoa waya wa hasi kwenye betri, nikaweka mita katikati ya waya na kichwa, ncha nyekundu kwenye tundu la ampea 10. Ufunguo haupo, milango imefungwa, hakuna anayegusa gari, na kamwe starta isipigwe mita ikiwa pale, itaungua. Nikasubiri zaidi ya nusu saa ili vitu vya ndani vitulie. Gari la kawaida hubaki na ampea kati ya 0.02 na 0.05, za kutunza saa ya dashibodi na kumbukumbu ya redio. Hili lilisimama kwenye 0.45.

Fanya hesabu. Kwa siku nzima ni ampea-saa 10.8. Kwa siku tano ni 54. N70 ikiwa mpya ina 70. Hii yenye salfeti haikuwa nazo tena. Ndiyo maana mbalamwezi iliiua. Usiku wa kawaida, saa 12, zinapotea 5.4 tu, ambazo betri inazivumilia, na ndiyo maana siku za kazi hakuna aliyeshuku kitu. Ratiba ya gari ilikuwa imesema yote haya kabla ya mita.

Dereva alishuku redio. Nilitoa fyuzi moja moja huku natazama mita: redio, taa za ndani, honi, taa ya nyuma, zote. Namba haikutikisika. Hapa wengine husema "waya zimegusana" na kuanza kuchana dashibodi. Tulia kwanza ujiulize ni vitu gani haviko chini ya zile fyuzi. Ni starta na altaneta. Niliondoa mita, nikafungua waya mnene wa altaneta, nikaufunika kwa mpira ili usiguse chuma, nikarudisha mita. Ilisoma 0.03. Nikaurudisha waya, ikarudi 0.45. Nikaufungua tena, 0.03. Nilirudia kwa makusudi, dereva aone kwa macho yake.

Ndani ya altaneta kuna bamba la dayodi. Altaneta huzalisha umeme unaokwenda na kurudi; dayodi huuruhusu upite upande mmoja tu, ndipo unaifaa betri. Zikianza kuvujisha, injini ikizimwa umeme wa betri hurudi kinyumenyume kupitia humo usiku kucha. Dalili nyingine nilikuwa nimeipata injini ikiwa inanguruma: mita ikiwekwa kwenye volti za umeme unaokwenda na kurudi, vichwa vya betri vilisoma 0.9, wakati isitakiwe kuzidi nusu volti. Nilipofungua, dayodi moja ya upande wa chanya na nyingine ya upande wa hasi zilikuwa zinavujisha. Nilibadilisha bamba, altaneta ikabaki ile ile. Gari likasoma 0.03.

Nilimuuliza dereva altaneta hii ilijaribiwaje siku ilipofungwa. Akaeleza bila kujua uzito wa anachosema: gari liliwashwa, fundi akachomoa waya wa betri, injini haikuzimika, akasema "unaona, inachaji". Nawaomba mafundi wenzangu, na wenye magari pia: mzuieni yeyote anayetaka kufanya hivyo. Betri ndiyo inayotuliza volti za altaneta. Ukiichomoa ghafla injini ikiwa inazunguka, volti hupanda mara nyingi kupita kawaida kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha kuumiza dayodi, regyuleta inayodhibiti volti, na kompyuta ya gari kama ipo. Na kipimo chenyewe hakisemi lolote la maana, maana injini inaweza kuendelea kunguruma kwa altaneta yenye dayodi mbovu. Mita ya bei ndogo kabisa inasema zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaochomelea bodi bila kufungua hasi ya betri.

Ukirudi nyuma, kila tiba ya awali inaeleweka. Betri mpya ilikuwa na akiba ya kutosha kuvumilia athi mbovu kwa miezi, mpaka salfeti ilipoila. Altaneta ya mtumba ilionekana kusaidia kwa sababu siku ile betri ilichajiwa gereji usiku kucha; chaji ile ndiyo iliyokuwa dawa ya majuma machache, wala si altaneta.

Betri ya tatu haikununuliwa. Mbalamwezi iliyofuata pikapu ililala kama kawaida, na dereva alipima kabla hajagusa ufunguo: 12.5. Nilichowaachia ni kuosha kwa maji baridi chini ya bodi na kuzunguka mguu wa injini kila wanapomaliza kushusha samaki, kutumia maji ya betri peke yake na kuacha ya bomba, na kuniletea gari kila mwezi tupime ile seli ya 1.220. Ikibaki nukta 50 nyuma ya wenzake, tutanunua betri, na safari hiyo itakuwa ni kwa ajili ya betri yenyewe.